Kadi Moja, Mafundi Watatu

Waliotuachia methali hawakuwahi kushika kompyuta, lakini walijua vyema kwamba usukani mmoja hautaki mikono mingi. Walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama; yaani, jambo linaloamuliwa na kila mtu kwa wakati mmoja huharibika, hata kama kila mmoja ana nia njema na ujuzi wake. Mfasiri mmoja aliyeishi ghorofa ya tatu aliijua methali hii tangu shuleni, na alikuwa ameifasiri kwa wateja zaidi ya mara moja. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuifuata ni jambo jingine.

Siku hiyo alikuwa na mtihani wa mdomo saa tisa alasiri. Shirika moja la uchapishaji lilitafuta mfasiri wa kudumu. Baada ya miaka ya vibarua vya kufasiri vikaratasi vya dawa na maelekezo ya majiko, alikuwa amebaki yeye na mwombaji mwingine mmoja tu. Mtihani ulikuwa wa video, na programu yake haikufunguka kwenye simu, ilitaka kompyuta. Basi alijiandaa mapema. Alibana shuka ukutani kwa vibanio vya nguo ili kuficha rundo la nguo chafu, akavaa blauzi ya heshima juu na suruali ya kulalia chini, kwa kuwa watahini wangemwona nusu tu.

Kompyuta yake ilikuwa zawadi ya kaka yake. Ilikuwa nyembamba, haipigi kelele, na betri yake ilidumu kutwa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kichakataji, ile chipu inayoiendesha, cha aina ya ARM, jamii ya vile vya kwenye simu, tofauti na vya kompyuta nyingi za watu. Kaka mtu aliiwekea mfumo wa Linux na kumfundisha kuutumia. Asubuhi hiyo mfasiri aliletewa ujumbe wa kusasisha mfumo, akaukubali, maana alitaka kila kitu kiwe sawa. Kompyuta ilipozimika na kuwaka tena, alama ya waifai haikuwapo. Haikuwa imekatika, haikuwapo kabisa, kana kwamba mashine haijawahi kuwa na kadi ya mtandao.

Alimpigia kaka yake. Huyo alikuwa fundi wa lifti, na saa za kazi alishinda ndani ya mashimo ya lifti, mahali ambapo simu hushika na kuachia. Alimweleza haraka kwamba sasisho limeleta kiini kipya cha mfumo kisichoelewana na kadi yake, lakini kile cha zamani bado kimo.

“Usiongeze kitu, usifute kitu,” alisema. “Nikitoka humu nitakupigia nikuelekeze pa kukichagua. Umenisikia, mdogo wangu?”

Alimsikia. Lakini simu ilikatika, na kule kukaa mikono mitupu kulimwasha kama upupu.

Hapo ndipo shemeji yake alipobisha hodi. Mdogo huyu wa mumewe aliuza printa dukani, na kwa sababu hiyo ukoo mzima ulimwita Profesa. Jina lilianza kama utani, ila mwenyewe alilipokea bila utani. Aliposikia shida ilivyo, alivuta kiti, akakunja mikono ya shati na kutangaza kwamba ugonjwa ni kiendeshi, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi. Akakipakua kwa simu yake na kukihamishia kwenye flashi. Kompyuta ilikikataa, ikaandika kwamba ni cha kichakataji cha aina nyingine.

“Shemeji, inasema hiki si chake,” mfasiri alisema kwa upole.

“Zote husema hivyo,” Profesa alijibu. “Ukizisikiliza hutafanya kazi. Tuilazimishe.”

Mfasiri alilelewa kutomkatalia mtu aliyekuja kumsaidia, sembuse shemeji. Akasema haya. Wakailazimisha, na mistari ya makosa ikajaa skrini nzima.

Wakiwa katika hali hiyo aliingia jirani wa mlango wa pili, mtengeneza simu aliyeitwa Bisibisi kwa sababu hakukosa moja mfukoni. Alikuja kurudisha ngazi aliyoazima, lakini harufu ya tatizo ilimkalisha. Alisubiri Profesa atoke kupokea simu, kisha akanong'ona kwamba kiendeshi hakina kosa. Kilichohitajika ni msimamizi mwingine wa mtandao, yaani programu ya kuunganisha waifai, na yeye anaye mzuri kwenye flashi yake. Programu yake ilikubali bila kinyongo. Akaipanga iwe inaamka yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Mfasiri hakumwambia kwamba kompyuta tayari ilikuwa na msimamizi wake, kwa kuwa hakuulizwa. Wala Profesa aliporudi hakumwambia alichofanya Bisibisi, asije akamvunja moyo.

Saa nane ilikuwa imepita kaka alipopiga. Alimwelekeza pa kubonyeza wakati wa kuwasha na jinsi ya kuchagua kiini cha zamani. Alama ya waifai ikarudi. Mfasiri alitaka kuruka kwa furaha. Ikaunganisha, ikakata. Ikaunganisha tena, ikakata tena.

“Hapo hakuna cha kukata,” kaka alisema, naye sasa amechanganyikiwa. “Kuna kitu umeongeza?”

Profesa alikuwa kulia kwake, Bisibisi kushoto, wote wamemkodolea macho.

“Hapana, kaka,” alijibu.

Kaka aliyaamini maneno hayo, akamtuma kuzima kisanduku cha waifai cha ukutani, kufuta nywila na kuiandika upya. Profesa naye alichomeka simu yake kwa waya ili watumie mtandao wake; huo nao ukashika na kukata. Bisibisi alitaka warudi kwenye kiini kipya. Kaka alisema wasithubutu. Mfasiri aliandika amri ya huyu, akaifuta kwa amri ya yule, hadi asijue ashike lipi aache lipi, wala amri ipi ilitoka kwa nani. Yeye ambaye kazi yake ni kuelewa maneno, hakuelewa tena hata neno moja. Katika purukushani hiyo saa tisa ilifika, na hakuna aliyeitazama.

Mwishowe aliichukua kompyuta na simu, akajifungia bafuni, akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa na kumwambia kaka yake ukweli wote.

“Basi kadi yako ina mabosi wawili,” kaka alisema. “Mmoja anaiunganisha, wa pili anaikata ili aiunganishe yeye. Mzime wa jirani, umwache wa kwanza.”

Ilikuwa amri ya mstari mmoja. Aliiandika, na mtandao ukashika, ukatulia tuli.

Alipotoka, wenzake waliona alama imejaa. Profesa alisema alijua kiendeshi chake kingekubali mwishoni. Bisibisi alicheka akasema kiendeshi gani, huyo ni msimamizi wake. Wakaanza kubishana, kila mmoja akivutia kwake. Mfasiri alikuwa amefungua ukurasa wa mtihani, na hakuwasikia. Aliigeuza kompyuta iwatazame. Iliandikwa: Mtahiniwa hakufika. Kikao kimefungwa.

Profesa aliteremsha mikono ya shati, akauliza kwa sauti ndogo kama hawezi kuwaandikia watahini.

“Nitawaandikia,” mfasiri alisema. “Lakini yule mwombaji mwenzangu atakuwa amefika.” Machozi yalimtoka, ya hasira na ya aibu, na hakuyafuta. “Sina la kuwalaumu. Kila mmoja nilimwambia haya, na kila mmoja nilimficha mwenzake.”

Kwenye simu kaka yake alikuwa akiita, akitaka kujua kama mtandao umeshika. Ulikuwa umeshika barabara, kwa kuwa kadi ilikuwa nzima tangu asubuhi. Kazi iliyosubiriwa miaka ndiyo iliyokwenda na maji. Walionena walinena: manahodha wengi, chombo huenda mrama.