Gauni la Mahafali

Wapendwa, nataka tumfuate binti mmoja aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni, na mama yake aliyekuwa fundi cherehani. Mama huyo alimsomesha mwanawe kwa kushona sare za watoto wa shule. Katika miaka yote hiyo alijiwekea tamaa moja tu iliyokuwa yake mwenyewe: siku ya mahafali, gauni atakalovaa binti ndani ya joho alishone yeye, kisha aketi amtazame.

Likizo ya mwisho, binti alimkuta mama amesogeza cherehani hadi mlangoni, akitafuta mwanga. Daktari alikuwa amempima, akakuta presha ya macho. Dawa zingechelewesha giza, zisingelizuia.

"Unamaliza lini, mwanangu?"

"Nitamaliza wa kwanza, mama. Wataniita peke yangu jukwaani, ukumbi mzima unitazame."

"Mimi nimekuuliza lini. Wewe unanijibu utakuwa wa ngapi."

Binti alicheka, akamkumbatia. Je, lengo lake lilikuwa baya? Hata kidogo. Lilikuwa zuri, tena lilizaliwa na upendo. Lakini angalieni lilivyoundwa: lilikuwa na kilele, halikuwa na siku.

Aliporudi chuoni, kazi iliyobaki ilikuwa ripoti ya utafiti. Sura ya kwanza aliiandika, akaifuta, akaiandika upya. Msimamizi wake akamwita ofisini.

"Niletee Ijumaa, hata kama inachechemea. Tutainyoosha pamoja."

"Bado haijakaa sawa, mwalimu. Nisingependa uione hivi."

"Binti, mimi ninalipwa kuziona zisizokaa sawa."

Ijumaa ikapita. Zikafuata Ijumaa nyingine, kila moja ikimkuta kwenye sura ileile. Tarehe ya kukabidhi ilipofika, alikuwa na sura moja inayong'aa. Nyingine zote zilikuwa bado kichwani. Wenzake wakavaa majoho. Yeye akampigia mama simu.

"Itakuwa mwakani, mama. Ila nitakuwa wa kwanza, utaona."

"Haya, mwanangu. Nitajitahidi."

Binti alidhani mama anaahidi kuvumilia. Hakufikiri kwamba mama anazungumzia macho.

Mwaka uliofuata, alilolitaka akalipata. Asubuhi ya mahafali, mama mdogo alimshika mama mkono, akamwongoza hadi chumbani bwenini, akaweka kifurushi kitandani.

"Vaa upesi," mama mdogo akamtania, "tusije tukaambiwa mwakani tena."

Binti akakunjua gauni la kitenge. Ukosi ulikaa vizuri. Mkono wa kulia, mshono ulinyooka kama uliopigwa rula, kazi ya fundi anayejiheshimu. Lakini kwenye mkono wa kushoto mshono ulianza kuyumba, ukatoka nje ya kitambaa, ukarudi. Kisha cherehani iliachwa, na kuanzia hapo palishonwa kwa sindano ya mkono, hatua fupifupi za kupapasa, hadi kwenye pindo. Binti aliweka kidole mahali hasa ambapo mwanga ulimwishia mama yake.

"Najua mkono mmoja umekwenda upande," mama akasema, akitabasamu kuelekea dirishani, ambako binti hakuwepo. "Ila siku ilikuwa inakuja. Ningefanyaje?"

Hakusema kwa kumchoma, na kwa sababu hiyo maneno yake yalichoma zaidi.

Binti akalivaa lilivyo. Baadaye ukumbini jina lake likaitwa, peke yake, kama alivyoahidi, na watu wote wakasimama. Kutoka jukwaani alimtafuta mama, akamwona: amesimama, anapiga vigelegele kwa nguvu zake zote, na uso wake ameuelekeza ukutani.

Wapendwa, kati ya wawili hawa, nani alijua kuweka lengo? Msidhani mama hakupenda kazi isiyo na kasoro. Ni fundi, mshono uliopinda ulimuuma kuliko unavyoweza kutuuma sisi. Lakini yeye alianza kwa kuitazama siku, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kazi ya leo: leo kukata, kesho ukosi, kisha mkono mmoja, kisha wa pili. Giza lilipofika lilimkuta kazini, na gauni likakamilika. Binti alianza kwa kuitazama sifa, na sifa haina kalenda.

Sisi tulioketi hapa tumebandika malengo yetu kwenye kuta za mabweni, kwa kalamu za rangi. Ni nani kati yetu aliyeandika pia siku? Ni nani aliyejiuliza kuna mtu gani nyumbani anayemngoja, akakumbuka kwamba huyo naye ana mwanga wake unaopungua? Tunasema tunawafanyia wao, kisha tunawafanya wangoje hadi kazi yetu ipendeze machoni petu wenyewe.

Tutakapotoka hapa, kila mmoja wetu achague kipande kimoja kinachochechemea, akikabidhi Ijumaa hii. Msimamizi atakisahihisha, na aibu hiyo itapita. Binti yule alipata kila alichokitaka, na gauni lile amelihifadhi hadi leo. Mafundi wengi wamejitolea kumnyooshea mkono wa kushoto. Amekataa.