Mgeni wa Jumapili Thelathini na Moja

Wapendwa, leo nina mfano, na nawaambia mapema kwamba haujanipa raha tangu nilipoutunga.

Lilikuwapo kanisa moja lililosifika mji mzima kwa kupokea watu. Ukutani, karibu na mlango, walikuwa wameandika kwa rangi ya bluu: "Tunaamini kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kusudi letu ni kumpokea." Na walimaanisha, msidhani nawasimanga. Walikuwa na kamati ya mapokezi yenye sare ya kitenge. Walikuwa na benchi la wageni, la mbele kabisa, lenye mto. Kila Jumapili kiongozi wa ibada alisema, "Wageni wetu wasimame, wajitambulishe," nao wakasimama, wakataja jina na wanakotoka, kwaya ikawaimbia, kanisa zima likawapigia makofi mazito, ya kilo. Ibada ikiisha walipewa chai na maandazi, kisha wakaandika kwenye daftari, kaunta buku moja nene: jina, unakotoka, namba ya simu, na safu ya mwisho, hitaji la maombi. Nani kati yetu asingependa kanisa kama hilo?

Jumapili moja ya mwezi wa pili akaja mama mmoja mjane, aliyekuwa amehamia chumba cha kupanga ng'ambo ya barabara. Akasimama, akaimbiwa, akapigiwa makofi. Alipopewa daftari aliliinamia sana, pua ikikaribia kugusa karatasi, akaandika kwenye ile safu ya mwisho: "Macho yangu yanafifia. Nina barua ya kwenda hospitali ya mkoa, lakini naogopa safari peke yangu. Naomba mtu wa kunisindikiza."

Mama wa mapokezi akapokea daftari, akalifunga. "Asante mpendwa," akamwambia, "tutakuombea."

Jumapili iliyofuata yule mjane akarudi, tena akawahi. Alikuwa na furaha, maana alidhani mtu wa kumsindikiza ameshapatikana. Mama wa mapokezi akamshika mkono mlangoni kwa tabasamu lile lile.

"Karibu sana mgeni wetu! Njoo huku mbele."

"Dada, mimi nilikuja hata Jumapili iliyopita."

"Oo, basi karibu tena! Mbele kuna nafasi."

Akakalishwa kwenye mto. Akasimamishwa. Akaimbiwa. Akaletewa daftari, akaandika tena maneno yale yale. Na Jumapili ya tatu hivyo hivyo, na ya nne.

Aliwahi kuomba akae nyuma pamoja na akina mama wengine, akaambiwa mgeni hakai nyuma. Siku moja baada ya chai akakunja mikono ya gauni, akaingia jikoni aoshe vikombe pamoja na wenzake. Wakamtoa huku wakicheka. "Mama, unatuaibisha! Mgeni anaosha vyombo?" Naye akacheka nao, akarudi kwenye benchi lake, akakaa peke yake. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Walimheshimu mpaka wakamweka nje.

Najua mnajiuliza, kwa nini hakusema kwa mdomo? Haya, niambieni, aseme saa ngapi? Mgeni anapewa nafasi ya kutaja jina, kisha kwaya inaanza. Na zaidi ya hapo, alikuwa ameambiwa shida yake aiandike, naye akaiandika. Alituamini. Nimesema "alituamini"? Basi, acheni libaki hivyo hivyo.

Mwezi wa tisa hakuonekana tena. Benchi la mbele likapata wageni wengine, wakaimbiwa, na hakuna aliyeuliza yule mama yuko wapi. Ungeulizaje habari za mgeni? Wageni huja, wageni huondoka.

Ikafika Desemba. Mzee wa kanisa akataka idadi ya wageni wa mwaka mzima kwa ajili ya taarifa ya mkutano mkuu. Mama wa mapokezi akakaa na daftari lake pale ofisini, kalamu mkononi, akianza kuhesabu. Alikuwa amelifunga daftari lile kila Jumapili, lakini kulisoma hakuwahi. Akakuta jina moja mwezi wa pili. Akalikuta tena ukurasa wa pili, na wa tatu, na wa nne. Na kadiri alivyofunua ndivyo mwandiko ulivyozidi kuwa mkubwa. Mwezi wa nne herufi zilikuwa zimeruka mstari. Mwezi wa sita neno moja lilikuwa limekula mistari mitatu. Mara ya mwisho, mwezi wa nane, yalikuwapo maneno mawili tu, yamepinda mpaka kwenye safu ya simu: "Nisindikizeni jamani."

Akahesabu. Mara thelathini na moja. Mtu mmoja alikuwa ameingia kwenye daftari kama wageni thelathini na mmoja.

Mama wa mapokezi alilia pale pale ofisini, na hakuwa mtu wa kulia ovyo. Siku ile ile akamchukua mzee wa kanisa na akina mama wawili, wakabeba sukari na majani ya chai, wakavuka barabara. Ilikuwa hatua sitini. Wakamkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake, anachambua mchele kwa kupapasa.

"Hodi mama. Shikamoo."

"Marahaba. Karibuni. Ni akina nani?"

"Sisi ni wa kanisani, hapo ng'ambo."

Uso wake ukachangamka kabisa. "Wa kanisani! Karibuni sana, wageni wangu. Nisameheni, siwaoni. Basi simameni mmoja mmoja, mjitambulishe, na mseme mnakotoka."

Wakasimama. Wangefanya nini? Mzee wa kanisa akataja jina lake. Akina mama wakataja yao. Mama wa mapokezi alipofika kwenye "ninakotoka" akashindwa kabisa. Na yule mjane, walipomaliza, akaweka ungo chini akawapigia makofi, yale yale ya kilo. Hakuwa na kejeli hata chembe, wapendwa. Alijua ndivyo wa kanisani wanavyopokea watu.

Mzee wa kanisa akajikaza. "Mama, tumesoma ulichoandika. Kesho tutakupeleka hospitali."

"Nimeshapelekwa, baba. Huyu binti wa chumba cha pili, wa msikitini, anayekaanga vitumbua, aliniona nikimwaga unga nje ya sufuria. Akaniuliza, 'Bibi, macho yana nini?' Kesho yake tukaenda. Daktari akasema ni presha ya macho. Akasema ningekuja mwezi ule wa barua, angeokoa hata jicho moja."

Wakamkabidhi sukari na majani ya chai. Wakati wa kuondoka yule mjane akawauliza swali moja tu. "Dada wa mapokezi, nikipata wa kunivusha, Jumapili nitakaa wapi?"

Mfano wangu unaishia hapo. Lakini mimi sijamaliza, na sehemu iliyobaki ndiyo inayoniuma.

Sisi tunaamini nini? Tunaamini Bwana alituita kwa majina, akatufanya watoto wa nyumba yake. Hakutuita tuwe wageni wake wa heshima, wa kukaa kwenye mto na kupigiwa makofi. Mtoto wa nyumbani anaulizwa, "Mbona hujala? Mbona unatembea hivyo? Ulikuwa wapi jana?" Yule binti wa vitumbua aliuliza swali moja, likafanya kazi kuliko nyimbo zetu za mwaka mzima. Mimi nawapenda wanakwaya wangu, wanajua. Leo nasikitika tu.

Mfano ule niliutunga. Daftari hili nililoshika sikulitunga. Mnalijua, hukaa pale mlangoni, lina jalada jekundu. Jana nililifungua kwa mara ya kwanza. Mimi mchungaji wenu, miaka sita hapa, kwa mara ya kwanza. Kuna mtu aliandika mwezi wa tatu: "Naomba mtu wa kuzungumza naye, hata mara moja." Leo tuko mwezi wa nane. Ameacha namba ya simu, mwandiko mzuri kabisa. Nimepiga tangu jana. Haipatikani. Nimejaribu kumkumbuka uso, nimeshindwa, na najua nilimpa mkono pale nje nikamwambia karibu tena.

Kwa hiyo leo utaratibu nitauvunja, na kwaya mnivumilie. Chai itasubiri. Ibada ikiisha tutakaa hapa hapa tusome kurasa hizi, jina kwa jina, na kila jina litapata mtu wa kulitafuta kabla ya jua kuzama.

Na sasa, ninyi mliokuja kwetu kwa mara ya kwanza, nawasihi, kaeni. Kaeni popote mnapopenda.

Wenyeji, simameni. Tujitambulishe.