Vazi la Mpira la Ambakisye

Sogeeni karibu, na mwenye kucha ndefu azifiche, maana kisa hiki kina ugomvi na kucha.

Kule Rungwe juu, ambako asubuhi mtu akisalimia hutoka mvuke mdomoni, kuna kijiji chenye ziwa dogo ndani ya shimo la mlima. Maji yake ni ya baridi ya kuuma meno. Bomba la kijiji huyavuta kutoka chini, na chujio lake likiziba kwa tope na majani, hakuna dawa ila mtu azame akalisafishe kwa mikono. Mtu huyo alikuwa Ambakisye. Aliwahi kufanya kazi Unguja na wazamiaji wanaoshuka kwa pumzi moja bila mtungi wa hewa, akarudi na vazi jeusi la mpira, suruali na koti lenye kofia, lililoshonwa kwa vipimo vya mwili wake. Lilimbana kweli kweli, na ndivyo linavyotakiwa, maana likilegea baridi huingia.

Kazi ile haikuwa yake peke yake. Mkewe, Tusekile, alijua linavyovaliwa, kwa sababu yeye ndiye aliyemvalisha nyumbani. Rafiki yake, Gwakisa, alijua kulivua, kwa sababu yeye ndiye aliyemngoja ukingoni na kumtoa humo. Dada yake, Subilaga, msusi wa nywele mwenye maneno mengi, alijua kuzama, kwa sababu utotoni walijifunza pamoja ziwani na wakachapwa pamoja.

Kisha pikipiki ikamtupa Ambakisye mteremkoni, akafa nchi kavu, na nguo zake zikiwa hazina hata tone la maji.

Tusekile hakulia. Watu walisema ana moyo mgumu, lakini haukuwa ugumu. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unajua upo lakini ukiugusa husikii kitu. Alipika, akafagia, akawaitikia waliompa pole.

Siku ya kuanua matanga nguo za marehemu ziligawiwa, na vazi likamwangukia Gwakisa. Naye, aliyezoea kulivua tu, akalivaa kavu kama anavaa soksi. Akalivuta kwa kucha, na ndani, penye mpira mtupu usio na kitambaa, kukachanika mfano wa mwezi mwandamo. Aliliziba kwa gundi ya viraka vya baiskeli, akalirudisha kwa mama wa marehemu bila kumtazama usoni.

Mvua zikaja, chujio likaziba, bomba likakauka. Wanawake wakaanza kushuka shimoni na ndoo kwenye utelezi, na mmoja wao akavunjika mguu. Mama yule akalitoa vazi ndani, akasema atakayewarudishia maji, vazi ni lake.

Subilaga akajitolea kuzama, kwa kuwa yeye na kaka yake walikuwa umbo moja. Tusekile ndiye aliyemvalisha. Kwanza alimkata kucha, zile ndefu za rangi alizoringia saluni. Akamimina maji vuguvugu ya sabuni ndani ya vazi mpaka likateleza. Suruali akaikunja, akaipandisha kidogo kidogo kwa viganja, bila ncha za vidole. Koti likaingia mikono kwanza, kichwa mwisho, na ile sehemu yenye kiraka akaishika kwa kiganja isivutike. Alipomaliza akarudi nyuma kumtazama. Kwa mgongo alikuwa Ambakisye yule yule. Tusekile akangoja kitu kimshike kifuani. Hakikuja.

Subilaga ndiye aliyezama. Alishuka, akapanda kuvuta pumzi, akashuka tena, safari baada ya safari, aking'oa majani na tope gizani. Mara ya mwisho alikaa chini hadi watu ukingoni wakaanza kumwita kwa jina. Ndipo bomba likakohoa na kutema maji. Alipotolewa alikuwa anatetemeka, midomo imebadilika rangi, vidole havikunjiki, na shingo ya vazi inamkaba. Mama yake akampa Tusekile kisu na kumwambia alikate vazi. Tusekile akakipokea. Mkono wake haukusita hata kidogo.

Gwakisa ndiye aliyelivua. Alimnyang'anya kisu akakitupa majini. "Mkikata, mmemzika Ambakisye mara ya pili," alisema. Akamimina maji ya moto ya sabuni yaliyopoozwa, kiunoni na kwenye vifundo vya mikono, akalikunja koti kutoka chini hadi kwapani, akatoa kiwiko kimoja, kisha cha pili, kichwa mwisho. Muda wote Subilaga alikuwa analia kwa baridi, na yeye hakuharakisha. Vazi likatoka zima. Subilaga akafunikwa mablanketi, akapona.

Maji yakarudi. Jioni wote watatu wakakaa mbele ya mama yule, vazi likiwa katikati.

Subilaga alisema vazi ni lake, maana ndilo lililomzamisha, na mvua zijazo litamzamisha tena. Gwakisa alisema bila yeye hapo pangekuwa na vipande vya mpira. Subilaga akamkata jicho, akasema bila Gwakisa na taratibu zake angeota moto mapema zaidi.

"Na wewe, mkwe wangu?" mama akauliza. "Ulishika kisu."

"Nilishika, mama. Sikusikia kitu."

"Ukipewa utalifanyia nini?"

"Nitalitundika chumbani. Sitamvalisha mtu tena."

Kila mtu alielewa maana yake: chujio likiziba tena, ndoo zitarudi shimoni. Tusekile alilivuta vazi akaligeuza ndani nje, akaweka uso penye kiraka. Halikuwa na harufu ya mumewe, lilinuka sabuni. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba, huku amelikumbatia kwa viganja, kucha amezikunja ndani.

Mama yule akawatazama, akanitazama na mimi niliyekuwa nimekaa mlangoni, kisha akasema hawezi kuamua.

Haya basi, nyinyi mlioficha kucha zenu: vazi halikatwi vipande, na mwenye kulilia amelishika. Mngemwachia, au mngemwambia aliachie?