Kapu la Kiboko

Paukwa! Aa, sauti gani hiyo, mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Sawasawa. Sogeeni, maana hii hakuna anayeijua kunishinda, hata yule mwalimu niliyemwachia shule yake nikiwa darasa la nne.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na baraza la kutunga sheria, na mjumbe aliyejiona mkubwa kuliko wote alikuwa Kiboko. Akipita, ardhi inatikisika. Akikohoa, maji yanarudi nyuma. Lakini mikono yake, jamani! Alimshikashika Kanga, mfagizi wa baraza. Kimya. Akamshikashika Kima, mpishi. Kimya. Akamshikashika Digidigi, binti aliyewachotea wajumbe maji. Weee! Digidigi akapiga kelele zikavuka mto.

Desturi yao ilikuwa hivi: mjumbe akimkosea mtumishi, kapu la mtama linatolewa kwenye ghala la wote. Mtumishi anatafuna punje moja mbele ya baraza. Akishatafuna, kesi imekwisha, na hatakiwi kuisema tena. Ndivyo Kanga na Kima walivyonyamazishwa.

Basi Digidigi akaletewa kapu.

"Tafuna, binti, tuendelee na mambo ya maana," akasema Kiboko, huku anapiga miayo.

Digidigi akaweka punje ulimini. Akaitoa.

"Bwana Mjumbe, ghala hili hulijaza nani?"

"Si wote! Kila nyumba huleta."

"Hata mama yangu?"

"Hata mama yako."

"Kumbe! Unishike wewe, alipe mama yangu?"

Nawaambia, panzi waliacha kulia. Upepo, nasema upepo, ulisimama kumtazama yule kiumbe mwenye miguu kama njiti.

"Kumbe nilijilipa mwenyewe!" akalia Kanga.

"Hata mimi!" akalia Kima.

Mama Tembo, mkuu wa baraza, akainuka taratibu. "Kuanzia leo, aliyeshika ndiye atakayetoa. Kutoka kwake. Na abebe mwenyewe."

"Mimi? Kichwani? Mbele za watu?"

"Wewe. Kichwani. Mbele za watu."

Kiboko akaenda kwake. Mlangoni akamkuta mkewe.

"Baba watoto, mtama wetu unaupeleka wapi?"

Ikabidi aseme. Akasema yote, kwa sauti ya mbu. Mkewe akamtazama, akamtazama, akamtazama.

"Na Kanga je? Na Kima je? Beba makapu matatu."

Mmewahi kuona mlima ukitembea umeinamisha kichwa? Akabeba la kwanza, akarudi. Akabeba la pili, akarudi. Akabeba la tatu. Wanyama walijipanga njia nzima na hakuna aliyecheka. Hata Fisi!

"Natafuna," akasema Digidigi, "lakini kusema, nitasema."

Kru! Kanga naye, kru! Kima naye, kru! Na kila punje ilipolia, wajumbe wengine waliokuwa barazani wakaikalia mikono yao.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye punje ya tatu. Na wewe unayecheka huko nyuma, hebu toa mikono yako tuione.