Banda Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Wapendwa, kabla sijafungua Neno, nipeni dakika tatu niwatie aibu kidogo. Na mimi nimo.

Kulikuwa na kamati moja iliyotunza msitu wa hifadhi. Wapita njia walikuwa wananyeshewa humo mpaka wanatia huruma, basi kamati ikamwita fundi seremala: "Tujengee kabanda ka mbao watu wajikinge. Ila usikate mti hata mmoja!" Fundi akakuna kichwa. Akatumia miti iliyoangushwa na upepo, akachonga mbao zikaingiana zenyewe bila msumari, akasimamisha nguzo juu ya mawe ili mchwa wasipate pa kuanzia. Jamani, lilikuwa banda! Hata ndege walikuja kulikagua.

Siku ya uzinduzi utepe mwekundu ukafungwa mlangoni, mwenyekiti akashika sahani yenye mkasi. Saa nne, mgeni rasmi hajafika. Saa sita, hajafika. Saa saba mvua ikashuka, mvua yenye hasira zake. Mnadhani waliingia bandani? Thubutu! Wanakamati kumi na wawili, suti mpya, wamesimama nje wanalowa, wanalinda banda la kujikinga mvua.

Akatokea mama mmoja anatoka zahanati, mgongoni mtoto ana homa, anatetemeka.

"Baba, naomba niingie."

"Haiwezekani, mama," akasema mwenyekiti. "Banda halijazinduliwa."

"Kwani hii mvua imeshazinduliwa?"

Fundi alicheka mpaka akashika mti. Mwenyekiti akakaza uso: "Mama, kuna utaratibu!" Mama aliinama, akapita chini ya utepe, akaketi, akaanza kumkausha mwanawe.

Mara mgeni rasmi huyo, kwa miguu, amelowa chapachapa, gari limekwama topeni. Mwenyekiti akamkimbilia: "Mheshimiwa, mkasi!" Mgeni akamtazama, akatazama bandani. "Mkasi wa nini, ndugu yangu? Si limeshafunguliwa?" Akainama naye, akaingia. Fundi akafuata. Kamati ikafuata. Nani alibaki nje? Mwenyekiti, na sahani yake imejaa maji.

Mnacheka. Chekeni tu. Nyumba hii si tuliijenga sisi? Si tulibeba mawe kichwani, tukiimba kwamba ni ya kila aliyechoka? Sasa mtu akija anatetemeka, tunamuuliza ametoka jumuiya gani, amefunga ndoa au hajafunga, jina lake limo daftarini au halimo. Inaniuma, wapendwa, kwa sababu hata mimi nimewahi kuuliza hivyo.

Haya, geukeni nyuma. Pale mlangoni kuna ndugu wawili wamesimama tangu wimbo wa kwanza. Na hivi viti sita hapa mbele vimebandikwa karatasi: "Wageni Maalumu." Mzee wa zamu, bandua hayo makaratasi. Ndugu zangu, njooni mkae. Mahubiri yataanza mkishakaa.