Nguchiro na Kipa Aliyejaza Goli

Haya, nimwage?
— Mwaga tuokote!
Ikidondokea matopeni?
— Tutaiosha!

Basi ukame ulishika mpaka mtu akitema mate anajuta. Dimbwi lilibaki moja, na Kiboko kalilalia lote, tumbo huku, makalio kule. Wanyama wakamwomba angalau funda. Kiboko akacheka, "Ho ho ho! Nifungeni goli moja, moja tu, mtakunywa. Msiponifunga, mimi nanywa, nyie mnanitazama."

Akasimama golini. Akalijaza. Hata upepo ulikosa pa kupita.

Siku ya kwanza akaja Nguchiro, kijitu cha kiganja, jezi inaburuta chini. Akapiga mpira, pa! Ukamgonga Kiboko tumboni, bwata! Ukarudi. Akapiga tena, pa! Bwata! Ukarudi. Hivyo hivyo mpaka jua likachwa. Kiboko akaenda kunywa, gubu gubu gubu, wenzake wakameza mate.

Siku ya pili Kiboko akamwona Nguchiro pembeni ya uwanja, kofia kichwani, anafoka, "Swala, panua uwanja! Ngiri, piga, unangoja posa?"

Kiboko akakuna sikio. "We kidudu, si wewe jana uliyevaa jezi?"

"Jana nilikuwa mchezaji, Mzee. Leo ni kocha."

Ngiri akapiga, pa! Bwata! Swala akapiga, pa! Bwata! Kiboko huyoo, gubu gubu gubu. Mtoto wa Swala akalia, machozi hayatoki.

Siku ya tatu wachezaji hata miguu hawainui. Kiboko kutupa jicho, Nguchiro yule yule! Kakaa mezani, tai shingoni, kipaza sauti mdomoni. Mbele yake televisheni, imezungukwa na watazamaji. Juu ya mti Kima kalielekezea goli kamera.

"Na leo nani wewe?"

"Mtangazaji, Mzee."

Kiboko akaona kichwa kinazunguka. Mmoja huyu, mbona wengi? Hajauliza, mwenzake kashaanza.

"Watazamaji, tazameni kipa! Tazameni shingo ile! Mashavu yale, nani anayo?"

"Aaaah!" wakaitikia watazamaji.

Kiboko akaita, "Nimo humo?"

"Umo mzima mzima, Mzee."

"Nikoje?"

"Maneno yameniishia. Labda ujione mwenyewe."

Kiboko akavumilia. Akavumilia tena. Moyo ukakataa. Akatoka golini, tifu tifu tifu, akasukuma watazamaji, akachungulia. Mle ndani milingoti miwili na nyasi, basi.

"Mbona goli tupu?"

"Hata mimi nashangaa, Mzee."

"Kipa yuko wapi?"

"Katoroka."

Kiboko akawaka. "Kipa gani mpumbavu anaacha goli wazi? Mfukuzeni!"

Mara akamwona Swala mle ndani, anachechemea, anausukuma mpira kwa pua.

"Wee kipa! Rudi! Anakuja huyo!" Kiboko akapiga kelele mpaka televisheni ikatetemeka. "Rudi, mjinga wee!"

Mpira ukavuka mstari, pole pole. Mwamuzi Kobe akapuliza, priii!

"Wamemfunga!" Kiboko akasema. "Si nilisema?"

Kugeuka, hakuna mtu. Wote wako dimbwini, chubwi, chubwi, chubwi, mtoto wa Swala kazama mpaka masikio. Nguchiro naye kalegeza tai, anywe vizuri.

Kiboko akarudisha macho kwenye kioo. Akakaa pale pale, akimngoja yule kipa arudi, amzabe makofi.

Fundisho lake, wajukuu zangu: shikeni kazi moja mpaka uzeeni. Wa kurukaruka, leo mchezaji, kesho kocha, kesho kutwa mtangazaji, hafiki popote.

— Lakini bibi, Nguchiro si kanywa maji?

Kanywa, ndiyo. Lakini mnaona alivyohangaika!

Yangu yamekwisha. La uongo nirudishieni, la kweli gawaneni.