Mbwa Aliyezunguka Mara Tatu

Niwafungulie kisa, nisiwafungulie? Semeni: Fungua! Kwa nguvu, mmekula viazi vyangu vyote. Haya.

Zamani ya zamani, mawe yakiwa bado laini na mlima haujaamua ukae wapi, mbwa aliishi porini. Na huku Upareni, juu kabisa kwenye ukungu, kulikuwa na mfumwa, ndivyo tulivyomwita mtawala, jina lake Senkondo. Mbuzi wake wakawa wanaliwa na chui. Leo mmoja, kesho mmoja, keshokutwa mmoja na mwanawe.

Asubuhi moja Mbwa akatokea uani. Akasema, "Mfumwa, nitawalinda mbuzi wako. Kulala ndani na watu sitaki, mnakoroma. Nijengeeni kibanda nje, karibu na zizi. Nawapa siku tatu. Nikikosa pa kulala narudi porini, na chui mtasalimiana naye wenyewe."

Mfumwa akatangaza kazi. Akaja binti mmoja, Nanzia, aliyefundishwa ujenzi na shangazi yake miaka saba. Kuezeka anajua, kufunga fito anajua, upepo unakotoka anajua. Kumbe anayehoji ni Kajiru, shemeji yake mfumwa.

"Shikamoo, baba."

Hata marahaba hakusema. "Una uzoefu wa miaka mingapi wa kujenga vibanda vya mbwa?"

"Baba, mbwa wa kwanza kuja kwa watu amefika leo asubuhi."

"Sikukuuliza habari, nimekuuliza miaka. Tunataka kumi."

"Yupo mwenye kumi?"

"Next!" akasema Kajiru. Mnacheka nini? Kiingereza cha kukataa watu kilifika huku kabla ya Kiingereza chenyewe. "Nenda nyumbani, tutakupigia."

Simu hazikuwapo, wajukuu zangu. Sasa zipo, na bado hawapigi.

Basi kazi akapewa nani? Shemeji! Ala, kumbe nchi mnaijua.

Sasa sikilizeni kosa lao. Desturi ya mji ule, nyumba ilipimwa kwa mikono ya mwenye mji, ilingane na heshima yake. Kajiru akamsimamisha mfumwa, akamnyoosha mikono, akapima: mara tatu huku, mara tatu kule. Mbwa amekaa pembeni anatazama, hakuna aliyempima hata sikio. Likasimama jumba, mlango mpana umeelekea njiani ili wapita njia waone. Wakaona. Upepo nao ukaona.

Mvua ikaja. Mbwa akanusa, akaingia, akazunguka mara tatu, akatoka.

"Vipi tena?" akauliza Kajiru.

"Humu wanaenea mbwa kumi na mmoja, nami niko peke yangu. Joto langu limepotea humo ndani, linanitafuta. Na mvua imeingia, imechukua kitanda."

"Mteja msumbufu huyu!"

Siku ya pili Kajiru akalihamishia jumba lile lile bondeni, wazee wasisumbuliwe na harufu ya mbwa. Mbwa akanusa, akaingia, akazunguka mara tatu, akatoka, tope mpaka magotini.

"Zizi silioni. Huku nilinde nini, vyura?"

Kulipokucha, mbuzi mwingine hayupo.

Siku ya tatu Mbwa akaaga. Adhuhuri akajilaza kwenye majivu apate nguvu za safari. Nanzia akaja polepole na kamba ya mgomba, akamzungushia. Mbwa akafumbua jicho moja.

"Dada, unanipimia kaburi?"

"Usijinyooshe, kaka. Nakupima ulivyolala."

Akapanga mawe manne kando ya zizi, akalaza mianzi juu yake, maji yapite chini. Kibanda kikawa cha kumtosha mbwa aliyejikunja, na nafasi kidogo ya mkia. Ukuta wa nyuma akaupa upepo, uukinge. Mlango akauweka ubavuni, mwembamba kama mabega ya Mbwa, unatazama zizi. Ndani, majani makavu tele. Paa likashuka kama kofia ya mzee anayesinzia.

Kajiru akaja mbio. "Nani kakuruhusu? Huna uzoefu!"

"Mbona kidogo hivi?" Mfumwa akalalamika. "Watu watasema nimeishiwa!"

Ng'ambo ya bonde chui akakohoa. Wote wakampisha Mbwa. Hata shemeji.

Mbwa akanusa. Akaingia. Akazunguka mara tatu...

Mbonea mjukuu wangu, unasema akatoka? Nani kakwambia? Akajikunja, mkia juu ya pua, akalala! Likabaki macho sikio moja tu. Chui alipotia mguu zizini, sikio likasimama, na Mbwa akachomoka kama jiwe la kombeo. Chui alirudi kwao na nusu ya mkia.

Mfumwa akasema, "Nanzia, kuanzia leo wewe ndiye fundi wa mji."

"Nimekubali, mfumwa. Ila anayehoji watu ahame. Lipo jumba zuri bondeni, kalijenga mwenyewe."

Kajiru akapelekwa. Akanusa, akaingia, akazunguka mara tatu. Kutoka, hakuruhusiwa.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, ukimjengea kiumbe mpime yeye alivyolala, usipime cheo chako. Na akija mtu mwenye mikono inayojua, usimdai miaka ambayo dunia yenyewe haijaishi.

Kisa changu kimeingia kibandani, kimejikunja. Atakayekiamsha, akilishe.